Mlezi wa Magesa

Juzi viongozi wa jumuiya yetu hapa Musoma walipita nyumba kwa nyumba wakituomba nguo za watoto zisizovaliwa tena, zipelekwe kituo kimoja cha yatima huko njia ya Bunda. Mimi nina wajukuu, nguo zao zimejaa sanduku. Nikakaa chini kuchambua. Nikashika sweta la yule mkubwa, jeupe la maziwa, halina tundu wala doa, kosa lake ni kwamba mwenyewe amerefuka. Nikalinusa. Sijui nilinusa kwa nini, mtu mzima na akili zangu. Lilinuka maziwa ya kopo, yale ya unga, yaliyomwagikia kifuani yakakaukia hapohapo. Nilibaki nimelishika mpaka binti yangu akaniuliza, "Mama, hilo unalitoa au hulitoi?" Nikamwambia alete chai kwanza.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka ile miaka, sina haja ya kuwasimulia sana. Sabuni ilikuwa hadithi, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Ukikuta foleni unajipanga kwanza ndipo unauliza wanagawa nini. Tulikula unga wa njano uliokuja kwa meli kutoka kwa watu tusiowajua, na mtu akivaa shati jipya mgambo anataka kujua kalipata wapi. Katika miaka hiyohiyo mama yangu alifariki, nyumbani kwetu Mugango, siku aliyomzaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mtoto akaitwa Magesa, kwa kuwa ilikuwa wakati wa mavuno, ingawa mwaka ule hatukuvuna cha maana.

Siku ya kuanua matanga wazee walizigawa nguo za mama. Zilikuwa chache, zikaisha upesi. Kitenge chake cha bluu, kile cha kanisani, alivishwa Shangazi, dada yake Baba, mbele ya watu wote. Babu mmoja wa ukoo akatuangalia sisi watoto akasema, "Aliyevaa nguo ndiye aliyekaa mahali pake. Kuanzia leo huyu ndiye mama yenu." Mimi nikamwita Shangazi mama kuanzia siku hiyo, kwa sababu niliambiwa nimwite. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nguo ya marehemu haikuwa nguo tu, ukiivaa umeingia katika nafasi yake, na watu wake ni watu wako. Naomba mlishike hilo, maana mimi nililishika mno.

Magesa hakuwa na maziwa. Tulijaribu ya mbuzi, akaharisha mpaka akabaki macho tu. Nesi wa zahanati akamwambia Baba kuna kituo cha masista, upande wa Guta, kinapokea watoto waliofiwa na mama zao, kinapata maziwa kutoka Ulaya. Ila kila mtoto anayepelekwa lazima aende na msichana wa ukoo wake wa kumbeba, kumwosha na kumfulia nepi. Masista hawakuwa na mikono ya kutosha. Shangazi alikuwa na wanawe, kwa hiyo hapakuwa na kujadili. Nilirudisha kitabu cha shule kwa mwalimu, nikafungiwa Magesa mgongoni, tukapanda lori la pamba. Lori liliishiwa dizeli njia panda ya Butiama. Tukashinda pale juani, Baba akimpepea mtoto kwa kofia yake. Baba alikuwa mtu wa ziwani, hakujua aiweke wapi mikono yake akiwa nchi kavu.

Kituoni alitupokea Sista Agatha, Mkerewe mrefu mwenye sauti ya mwanaume. Alimpima Magesa kwenye mizani, akatikisa kichwa, ndipo akamgeukia Baba.

"Mzee, sikiliza. Mtoto atakaa hapa mpaka ale ugali na asimame mwenyewe. Akishakula ugali, mnakuja kumchukua. Hapa hatufugi watoto wenye watu wao."

"Tutakuja, Sista."

"Mje kweli. Wengine wanasemaga hivyohivyo, halafu tunasubiri mpaka mtoto anaota meno yote."

"Nitakuja mwenyewe," Baba akasema. Akanishika kichwa, akaondoka.

Tangu dakika ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni turudi Mugango sote wawili, mimi na Magesa. Sikutaka shule, sikutaka kushiba. Nilisikia njia ya kurudi ni ugali, basi nikawa namtazama mdomoni kila siku kuona kama jino limechomoza.

Tulikuwa wasichana wengi pale, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Tuliitwa walezi. Tulichota maji, tulifua nepi, tulilima mihogo ya kituo, na mchana tulikaa kwenye baraza la wodi kila mtu na chupa yake ya maziwa. Harufu ya maziwa yale ilituingia mpaka kwenye nywele. Sisi hatukuyanywa, yalikuwa ya watoto. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bhoke, Mkuria kutoka upande wa Tarime, aliyemlea mtoto wa dada yake. Bhoke alikuwa mkubwa kidogo kwangu na alijua kila kitu, na asichokijua alikitunga papo hapo.

Siku moja yakaletwa magunia ya nguo kutoka Ulaya. Walifungua uani, sisi tukasogea. Jamani! Nilikuwa sijaona nguo za watoto namna ile. Visweta, vikofia, visoksi vidogo vya kufaa kidole, vyote vizima, vingine vina vifungo kama pipi. Magesa akapewa sweta jeupe. Nikaligeuza kulitazama, nikakuta nyuma ya kola kumeshonwa kitambaa chembamba chenye jina. Nikasoma herufi moja moja: Tomas.

"Bhoke, Tomas ni nani?"

Bhoke alilichukua, akalinusa, akalirudisha haraka. "Mwenye nguo. Mtoto wa kizungu."

"Na yeye anavaa nini sasa?"

"Wewe Mjita una akili kweli? Atavaa nini, si amekufa! Nani anatoaga sweta zima la mtoto aliye hai? Kwenu mnatoaga?"

Kwetu hatukutoa. Kwetu nguo ya mtoto ilivaliwa na mdogo wake, na mdogo wa mdogo wake, halafu inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Nguo nzima ilitoka nyumbani kwa njia moja tu, na mimi nilikuwa nimeiona njia hiyo kwa macho yangu siku ya matanga. Hata watu wazima sokoni waliziita nguo hizo kafa Ulaya, kwa hiyo hamwezi kusema nilikuwa mjinga peke yangu. Nikayatazama magunia yale nikafikiri, masikini, Ulaya kuna ugonjwa gani unaomaliza watoto hivi? Niliwaonea huruma wazungu. Halafu nikamtazama Magesa ndani ya sweta la Tomas, nikambana kifuani.

Maana haikuishia kwenye nguo. Watoto walikuwa wanapigwa picha, na picha zinapelekwa ng'ambo. Sisi walezi tulisogezwa pembeni ili mtoto atoke peke yake. Na muda mfupi baadaye Sista Agatha akaja barazani kwa furaha, akasema, "Magesa amepata mama Ulaya! Ndiye atakayemtunza kwa maziwa." Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga hesabu. Huyo mama kafiwa na Tomas wake, katoa nguo, Magesa kavalishwa, na sasa anamwita wake. Mambo yote yalikuwa yamekwenda kwa taratibu ninazozijua, kasoro wazee tu wa kutamka. Kilichobaki ni mwenyewe kuja kumchukua.

Nikaanza kupigana vita ambavyo hakuna aliyejua kama vipo. Asubuhi Magesa anavalishwa sweta, mimi nikifika kwenye mihogo namvua, namfunga kwa kipande cha kitenge changu. Tukikaribia wodi namvalisha tena. Akapata mafua, Sista akanigombeza, "Huyu mtoto unampeleka wapi na baridi?" Ule uzi wa jina niliufumua kwa mwiba, nikafukia kitambaa chake karibu na choo, ili kama Tomas yupo popote asione jina lake kwa Magesa. Na ugali nikaanza kumlisha kabla ya wakati. Nilichukua tonge langu, naliponda na mchuzi wa dagaa mpaka linakuwa uji, namtia kwa kidole. Anatema. Namtia tena. Anatema, ananicheka na fizi zake. "Kula, wewe," namwambia, "kula twende kwa Baba." Nilimsimamisha nimemshika vidole mpaka miguu inamtetemeka. Nilikuwa nashindana na Ulaya nzima, na silaha yangu ni ugali.

Ulaya ikafika kwanza. Siku hiyo tuliamshwa mapema, wodi ikadekiwa, tukafundishwa wimbo. Ikaja gari ndefu ya misheni, akashuka mama mmoja mnene wa kizungu, uso umemwiva kwa jua, kiatu kimejaa vumbi la Bunda. Sista akamleta moja kwa moja barazani kwetu. "Magesa, mama yako amekuja kukuona!" Yule mama akanyoosha mikono. Nikamtoa mtoto mgongoni kwa sababu mikono ya Sista ilikuwa inamvuta tayari. Yule mama akamkumbatia na sweta lake, akamwinamia, na alipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Basi, nikajua. Nilipiga magoti. Mtu aliyefiwa hata kama amekuja kukuchukulia mtu wako, kwanza unampa pole. Nikamshika mguu nikasema, "Pole, mama. Pole sana kwa kufiwa na Tomas. Lakini huyu ana baba. Baba yake yuko Mugango, anavua samaki, atakuja kumchukua. Amesema atakuja mwenyewe."

Yule mama akamtazama Sista, Sista akanitazama mimi.

"Tomas ni nani?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, sweta, jina, kitenge cha mama yangu na yule babu wa ukoo. Bhoke alijificha nyuma ya nguzo, hakunisaidia hata kwa neno moja. Sista akaanza kutafsiri kwa Kiingereza chake kizito, akafika katikati akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Yule mama naye alicheka, akaacha, akacheka tena huku akijifuta macho. Akasema maneno marefu, Sista akanigeukia.

"Hajafiwa na mtu, mtoto wangu. Amelia kwa furaha tu kuona Magesa amenenepa. Huyo Tomas hata hamjui. Kwao mtoto akikua nguo zikambana, mama yake anazitoa zipelekwe kwa wengine. Tomas labda sasa hivi yuko shuleni."

"Anakua tu, halafu wanatoa?"

"Wanatoa."

"Nzima hivi?"

"Nzima hivi."

Sikuamini mara moja. Niliona ni uzembe wa ajabu. Lakini jinsi nilivyoikubali kidogo kidogo ndivyo kifua kilivyofunguka, na haki ya Mungu sijawahi kufurahi kama siku ile. Hakuna aliyekufa. Hakuna anayemtaka Magesa. Yule mama akaninyooshea kidole akauliza kitu, nikasikia Sista anajibu kwa Kiswahili kwanza, kama mtu aliyejisahau, "Huyu? Huyu ni mlezi tu." Akarudia kwa Kiingereza. Yule mama akatikisa kichwa kwa kuelewa, akanipa pipi iliyofungwa karatasi ya kung'aa, akaenda kwa mtoto mwingine.

Siku zilizofuata nilifanya kazi huku naimba. Magesa akaota meno, akajua utamu wa dagaa, tonge likawa linashuka lenyewe. Akasimama akishikilia benchi, akaliachia, akaanguka, akasimama. Sista akampelekea Baba habari kwa dereva wa lori. Mimi nikafunga mzigo wangu, ambao ulikuwa gauni moja, kipande cha kitenge na ile karatasi ya pipi, nikauweka chini ya kitanda. Kila injini iliyosikika barabarani nilikuwa mlangoni.

Alikuja kweli. Alikuja na Shangazi, amevaa kile kitenge cha bluu, kimepauka kwa majani ya mpapai. Baba alikonda, meno yamekuwa marefu. Nikakimbia nikawasalimu, nikamwonyesha Magesa anavyosimama, nikamlisha tonge mbele yao ili waone. Shangazi akasema, "Hee, umelea kweli." Nikamkabidhi mtoto kidogo tu, nikalete mzigo wangu. Niliporudi, Baba na Sista Agatha walikuwa wamesimama pembeni ya baraza, na Sista alikuwa amebeba kichanga.

Kichanga kile kilikuwa kimeokotwa wiki hiyo nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, Bunda mjini. Msichana. Hakuwa na ukoo wa kuulizwa, kwa hiyo hakuwa na mlezi.

"Binti yako ameijua kazi," Sista alikuwa anasema. "Wengine wananiulia watoto kwa uvivu, huyu hapana. Mwachie hapa, Mzee. Anakula, analala pazuri. Nikipata nafasi nitamfundisha kusoma."

Baba akatazama chini. "Kule hali ni ngumu, Sista. Mihogo imekauka. Ziwani hatuna nyavu, ukienda dukani wanakwambia hakuna."

"Najua."

"Hapa anakula."

"Anakula, Mzee."

Baba akaniona nimesimama na mzigo. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakulifanyaga. "Mama," akaniita, maana nilirithi jina la mama yake. "Baki kidogo."

"Na Magesa?"

"Magesa anakwenda. Amekula ugali, Sista hawezi kumweka tena."

"Na mimi nakula ugali, Baba."

Alifumba macho. Shangazi akasema kutoka nyuma, bila ubaya, "Mwanangu, usimtese baba yako."

"Nibaki mpaka lini?"

"Mpaka huyu naye ale ugali," Baba akasema.

Shangazi akamfunga Magesa mgongoni kwa kitenge cha mama. Magesa alidhani ni mchezo, akacheka, mpaka walipopita lango na mimi sikufuata. Hapo akapiga ukelele ambao niliusikia mpaka walipopotea kwenye kona ya barabara ya Guta, na baada ya hapo pia. Mimi sikulia. Mnaweza kusema nilikuwa na moyo mgumu, lakini moyo haukuwepo kabisa, ni kama mguu ulioulalia vibaya, unaugusa unajua ni wako lakini hauna habari. Bhoke akaja akanifinya mkono kwa kucha. "Husikii?" Nikamwambia nasikia. Nilikuwa simsikii. Sista Agatha akaniwekea kile kichanga mgongoni, akanifunga vizuri, akanipa chupa. Kilikuwa chepesi kuliko Magesa alivyokuwa. Kilininyea kabla ya jioni, nikakiosha.

Nimefikiria mara nyingi ng'ambo kule, kwa yule mama mnene na wengine waliotoa maziwa. Walifanya wema, Magesa asingeishi bila wao, na siwezi kuwalaumu kwa kutoniona. Walitumiwa picha za watoto waliofiwa na mama, na mimi niliyefiwa na mama huyohuyo nilikuwa nimesogezwa pembeni. Hata Baba hakuhesabu kwamba siku ile ameacha mtoto kituoni. Ungemwuliza angesema amekuja kuchukua mtoto. Na mimi mwenyewe sikulijua neno la kujiita. Nilikuwa mlezi.

Yule msichana alikula ugali, lakini hakuwa na wa kuja kumchukua, na kabla hajasimama vizuri nilikuwa nimeongezewa mwingine. Baba hakuja. Nilisikia amehamia Kisorya kufuata samaki, nikasikia amerudi. Sikuuliza. Nilikula, nililala, nilifua. Bhoke alichukuliwa na kaka zake kwenda kuolewa, tukaagana kama watu wanaoagana kisimani. Kusoma Sista alinifundisha kidogo, kwa kweli alijitahidi.

Nilikwenda Mugango Krismasi moja, matiti yameshaanza kuota, Sista amenipa lifti ya gari la misheni. Nilifika kwa miguu kutoka barabarani. Shangazi alikuwa uani anapara samaki, na kando yake kulikuwa na mvulana mwenye magoti ya vumbi, anachezea magamba. Nilimjua kwa masikio yake. Alinitazama, akasogea akamshika Shangazi kitambaa.

"Mama, huyu ni nani?"

Shangazi alikuwa na mikono ya samaki, jua linampiga usoni, hakuona vizuri. "Mgeni," akasema. "Msalimie mgeni."

"Shikamoo," Magesa akasema.

"Marahaba."

"Nenda ndani ulete kiti."

Akakimbia, akaleta kigoda, akakipangusa kwa kiganja chake, akaniwekea. Nikakaa.